Jirani, ugali umeungua?

Siku ya kwanza niliyowasha mashine yangu ya kuchonga kwa leza, Bi Mwanaidi aligonga dirisha la jikoni. "Mama Tunu, ugali umeungua?"

Nikamjibu hapana bibi, nachoma ubao tu.

Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepima kama jirani yake bado ni mzima. "Ubao? Ndani ya nyumba?" Nikasema ndiyo. Akaenda zake, na haikupita dakika mbili nikamsikia anaanua nguo kwenye kamba.

Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha plaiwudi kisichozidi kiganja, na nilichokuwa nachonga ni jina la mwanangu, herufi nne. Ulitoka uzi mwembamba wa moshi wa kijivu, usiotisha hata kidogo. Lakini moshi wa leza hauna adabu ya moshi wa kuni. Wa kuni unapanda, unapita, unakwenda zake. Huu unakaa kwenye mapazia, unaingia kwenye nywele, unalala na wewe kitandani, na asubuhi ukipanda daladala ya Tabata kwenda Kariakoo abiria wa pembeni anakutazama kama umekesha unachoma mahindi.

Ni miezi 14 sasa. Tangu nianze kuweka vibao vyangu kwenye stetasi ya WhatsApp, kila wiki kuna mtu ananiuliza: dada, hiyo mashine inalipa? Ni bei gani? Inakata nini? Nami huwa nawarudishia swali kabla sijajibu lolote: unapokaa, moshi utautolea wapi? Wengi wanadhani nawakwepa.

Mashine yenyewe ukiiona hutaiheshimu. Fremu ya aluminiamu ya mraba, mikanda miwili ya mpira yenye meno, mota tatu ndogo, na kichwa cheusi ukubwa wa pakiti ya maziwa ya nusu lita. Inakaa juu ya meza ya kulia chakula, na kwangu ilikaa hapo mpaka Baba Tunu aliposema ama hiyo ama yeye. Unachora kitu kwenye kompyuta, programu inakigeuza kuwa amri mstari kwa mstari, kichwa kinatembea na mwale wa mwanga unawaka na kuzima. Hakuna kisu wala patasi, na kichwa hakigusi ubao kabisa. Ni joto tu, limekusanywa na lenzi kwenye nukta ndogo kuliko kichwa cha pini. Umeme wake ni mdogo. LUKU yangu inaumizwa zaidi na pasi.

Leza ya kwanza iliwashwa Mei 1960 huko California na Theodore Maiman, kwa kutumia fimbo ya yakuti nyekundu. Miaka minne baadaye Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, akatengeneza ya gesi ya kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo babu wa mashine nyingi za kukatia akriliki, ile plastiki ngumu, unazoziona kwa watengeneza mabango mjini. Ya kwangu ni ya ukoo mwingine: dayodi, yaani kijipande cha elektroniki kinachogeuza umeme kuwa mwanga, na mwanga wake ni wa bluu, wenye wimbi la urefu wa nanomita 450 hivi. (Shemeji yangu mmoja kaoa Mtonga wa Zambia. Aliponisikia nasema "leza yangu imegoma" alishtuka, maana kwao Leza ni Mungu.)

Tofauti ya koo hizo si ya kitabuni. Ilinigharimu mteja. Mtu aliagiza topa, lile pambo la juu ya keki, la akriliki angavu, ile inayoonekana kama kioo, nami nikapokea malipo ya awali kwa kujiamini kabisa. Nikaweka akriliki, nikawasha, kichwa kikazunguka jina lote la bibi harusi hadi mwisho. Nikanyanyua: akriliki safi kama ilivyotoka dukani, ila ubao uliokuwa chini yake umeandikwa "Happy Birthday" pembeni, maana nilikuwa nimesahau hata kufuta kazi ya jana, na jina la bibi harusi katikati. Mwanga wa bluu unapita kwenye akriliki angavu kama jua linavyopita dirishani. Akriliki nyeusi inaumeza na inakatika vizuri. Ya gesi, ambayo wimbi lake ni nanomita 10,600, inakata hata hiyo angavu bila shida. Chuma kitupu na shaba ni kazi ya leza za aina nyingine kabisa, za faiba. Basi mtu akikuuzia ya dayodi akakwambia inakata kila kitu, mwombe akate akriliki angavu mbele yako.

Na wati. Jamani, wati. Tangazo la kwanza nililoliona liliandika wati 40, kwa herufi kubwa. Nikaja kujua ni wati za umeme inaoula, si za mwanga inaoutoa. Hiyo ni sawa na kumsifia mpishi kwa mkaa aliounguza wakati pilau bado hujaiona. Dayodi moja ya bluu hutoa wati 5 hivi za mwanga. Za wati 10 zimeunganisha miale ya dayodi mbili, za 20 zimeunganisha nne. Uliza wati za mwanga. Muuzaji akianza kuzunguka, aga.

Nilichukua ya 10, imetumika kidogo, kwa pesa ambayo haifiki bodaboda chakavu. Nilifikiria ya gesi pia. Ile ina mrija mrefu wa kioo unaotaka maji yazunguke muda wote, na yasipande sana kupita nyuzi 25. Mimi naishi Dar es Salaam. Januari maji ya bombani kwangu yanatoka na uvuguvugu wa kuogea mtoto. Ningelazimika kununua mashine ya kupoza maji ili mashine nyingine ifanye kazi, na hapo nikajiona naelekea kwenye kiwanda.

Turudi kwenye moshi, maana ndiko nilikotumia akili zangu zote.

Hatua ya kwanza nilifungua madirisha. Ujinga. Upepo wa jioni kwetu unatoka upande wa baharini, kwa hiyo moshi ulizunguka sebuleni ukarudi jikoni. Hatua ya pili nilitengeneza kasha la mbao lenye mlango, nikatoboa tundu nyuma, nikafunga feni ndogo ya kuvuta hewa na bomba la kukunja nikalitoa dirisha la stoo. Nilijisifu sana. Kumbe dirisha la stoo linatazama kamba ya nguo ya Bi Mwanaidi, mita tatu tu. Safari hii hakugonga. Alikuja na doti ya kanga mkononi, mpya, haijakatwa, akaninyooshea. "Nusa."

Nikanusa.

"Hii nilikuwa naenda nayo shughuli kesho. Sasa niende nanuka jiko la nani?"

Nilizifua kanga zile kwa mkono wangu mara tatu. Kesho yake nikamwita fundi bomba, akapandisha bomba la inchi 4 ukutani hadi juu ya paa, lile la kijivu la maji machafu, na nikaongeza feni yenye nguvu. Gharama ya kasha, feni, bomba na fundi ilikaribia nusu ya bei ya mashine, na hiyo ndiyo hesabu ambayo hakuna tangazo linaloiweka. Ukipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita, mkishirikiana uwani, sikushauri kabisa. Labda kama unakaa gorofa ya mwisho na huna jirani juu yako.

Linalonichekesha ni kwamba bomba lile limetengenezwa kwa kitu ambacho ni mwiko kukiweka ndani ya mashine: PVC. Nalo nililijua kwa njia ya tabu.

Mama mmoja aliniletea jalada 30 za madaftari kwa ajili ya zawadi za mahafali. Kaniambia ni ngozi, kanunua Kariakoo, nikaamini maana zilikuwa na mistari kama ngozi na hata harufu ya ngozi walikuwa wameipulizia. Nikaanza na moja. Moshi haukuwa wa kawaida. Ulikuwa mweupe, mzito, na ulichoma puani kama dawa ya kung'arisha nguo. Macho yakajaa machozi. Nikazima nikakimbilia nje, nikakaa kwenye ngazi nakohoa mpaka Tunu akaniletea maji. Haikuwa ngozi. Ilikuwa kitambaa kilichopakwa PVC, na PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Mapafu yana unyevu. Hewa ya Dar nayo ina unyevu. Wiki mbili baadaye nilipokuwa nasafisha mashine nikaona skrubu zote za kichwa zimevaa kutu ya rangi ya chungwa, na kile chuma cha mviringo ambacho magurudumu hupita juu yake kimeshika madoa kama mwili wenye tetekuwanga. Jalada moja tu, dakika tano.

Tangu hapo nina kipande cha waya wa shaba kwenye droo. Mteja akileta plastiki au "ngozi" nisiyoijua, natoka nje na jiko dogo la gesi. Nauchoma waya mpaka uwe mwekundu na moto uwe safi, nauchovya kwenye kipembe cha kile kitu ili ushike kidogo, naurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, kile kijani cha kung'aa kama mbawa za nzi wa maembe, kuna klorini ndani, kama ile ya PVC. Namrudishia mteja mzigo wake. Wapo wanaokasirika, wamelipia ngozi na mimi nawaambia si ngozi, kana kwamba mimi ndiye niliyewauzia. Hata ngozi ya kweli nauliza imetengenezwaje, maana iliyotengenezwa kwa dawa za kromu sitaki majivu yake kwenye mapafu yangu. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti ya miwati, karibu.

Mbao ndizo zilizonifanya niipende kazi hii. Nilikuwa najua majina ya mbao kama ninavyojua majina ya wabunge, kwa kusikia tu. Mashine imenilazimisha nizifahamu moja moja. Paini ya shamba la miti la Sao Hill ni rahisi kupata, lakini ndani yake kuna mistari laini na mistari migumu. Mwale unazama kwenye laini na kuteleza juu ya ngumu, na herufi yako inatoka kama imechanwa na kitana. Plaiwudi ya ujenzi ina gundi ya kuzuia maji, na gundi hiyo inagoma. Unaweza kupita mara sita na bado katikati kuna sehemu imeshikilia. Mninga, ah. Mninga unachongeka kama siagi ya jana, rangi ya kahawia inageuka kahawia iliyokolea, mistari yake inabaki, na hata moshi wake una utamu fulani ambao Bi Mwanaidi mwenyewe alikiri. "Huu wa leo una nafuu," alisema. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Mpingo ulinitia aibu. Kuna ofisi walitaka ngao ya bosi wao anayestaafu, na kwa heshima yake wakasema iwe mpingo, mti wa taifa. Nikanunua kipande Mwenge, kwenye vinyago, kizito mpaka mkono unashuka. Mpingo ukiutupa majini unazama. Nikachonga maneno yote, jina, miaka ya utumishi, nembo. Nikafuta vumbi. Hakuna kitu. Ukipitisha kidole unayasikia maandishi, ukitazama huyaoni. Leza inaandika kwa kuunguza, na kuunguza ni kufanya kitu kiwe cheusi, na mpingo ulishakuwa mweusi kabla sijafika.

Nikarudi Mwenge nacho. Mzee aliyeniuzia alikuwa amekaa kwenye kigoda, patasi mkononi, kinyago cha ujamaa kiko nusu mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Kimepasuka?"

"Hakijapasuka. Kimegoma kusomeka."

Akakichukua, akakielekeza kwenye jua, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole gumba. Akacheka taratibu. "Umeandika usiku."

Kisha akanyanyuka, akafukua rundo lililo nyuma ya kibanda, akatoa kipande chenye ukingo mweupe wa kimanjano, ile sehemu ya nje ya gogo ambayo wachongaji wengi huiondoa ili kibaki cheusi kitupu. Akanionyesha kwa kucha: andika hapa. Na kuhusu kile nilichokwisha kukiharibu, akaniambia nisage chaki nyeupe, nichanganye na gundi ya maji kidogo, nipake, ikikauka nisugue kwa msasa laini. Nilifanya hivyo usiku ule ule. Maandishi yakatoka meupe juu ya weusi kama ubao wa darasani, na ofisi ile hadi leo wanadhani ilikuwa ni ufundi wa leza.

Sasa pesa, kwa kuwa ndiyo mnayoiulizia. Kinachoamua pesa ni muda, na hesabu ya muda nilipaswa kuifanya kabla sijanunua. Chukua mraba wa sentimita 10 kwa 10 unaotaka kujazwa picha. Mwale unapita mstari kwa mstari, kama mtu anayepiga deki. Nafasi kati ya mstari na mstari ikiwa milimita 0.1, ni mistari 1,000, kila mmoja milimita 100. Jumla mita 100. Kichwa kikienda milimita 3,000 kwa dakika, ni dakika 33 na ushee, na hapo hujahesabu kile kinachopotea kila kinapogeuka. Kamati ya harusi ikakuagiza vibao 25 vya namba za meza, vya ukubwa huo, ni karibu saa 14. Na saa 14 hizo huruhusiwi kwenda sokoni.

Hapo nasisitiza. Huruhusiwi hata kwenda kuoga. Leza hizi za wazi ziko daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari. Mwale ukidunda kwenye kitu kinachong'aa ukakuingia jichoni, jicho halisubiri kope zifumbe. Nina miwani iliyoandikwa wimbi inalozuia, nina kufuli mlangoni, na Tunu anajua kwamba ule mlango haugongwi kwa mchezo. Moto nao ni jambo la mara moja kwa mwezi: kikaratasi kinashika, kiulimi cha njano kinasimama milimita chache, pampu ya hewa (ya kwangu ni ya tangi la samaki) inakipuliza na kinakufa. Siku moja hakikufa. Nilikuwa nakata kadibodi, nikainama kuchukua simu, niliponyanyua kichwa kasha lote limejaa rangi ya machungwa. Nilikuwa na kitambaa kibichi karibu, nikakitupa, nikazima ukutani. Sekunde kumi labda. Sasa nina mtungi mdogo wa kuzimia moto na namba 114 ya Zimamoto imeandikwa ukutani, kwa leza, kwenye mninga.

Vile vibao 25 nilivimaliza, ila si kwa kuvijaza. Nilichora mzingo wa namba tu, mstari mmoja unaozunguka, na kila kimoja kikachukua dakika nne. Vikapendeza zaidi. Umeme ulikatika nikiwa cha 19. Mashine ya bei yangu haikumbuki ilipokuwa imesimama; umeme ukirudi inadhani popote ilipo ndipo nyumbani. Baada ya kupoteza vibao viwili kwa njia hiyo nilipigilia kona ya mbao kwenye meza, kila kazi inaanzia hapo, na umeme ukikatika narudisha kichwa konani kwa mkono.

Kuna kazi nyingine huwa nazikataa haraka. Mihuri, kwa mfano. Leza inachonga mpira wa mihuri vizuri mno, harufu yake ndiyo mbaya kuliko zote, na kuna kijana alinitumia picha ya muhuri wa ofisi fulani ya serikali akisema "wa kwetu umepotea, tuchongee mwingine." Usiku, saa nne. Nikamjibu aje na barua ya ofisi. Hajajibu mpaka leo.

Basi wiki iliyopita, Jumamosi, Bi Mwanaidi akagonga. Mlango, si dirisha. Kabeba mbuzi yake ya nazi, ile ya kukunja, ya mninga mkongwe, mahali pa kukalia pameng'aa kwa miaka ya kukaliwa na watu wa shughuli za mtaa mzima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama Tunu, hiki kidude chako kinaandika hata hapa?"

Nikamwambia kinaandika. Fremu haina kitako, unaweza kuiweka juu ya kitu chochote. Nikaiinua kwa tofali nne, mbuzi ikaingia chini, nikashusha kichwa mpaka urefu wake ukakaa sawa. Akaniambia mbuzi hii imeazimwa na kila mtu, mara ya mwisho ilikaa Segerea miezi minane na alipoifuata akapewa ya mtu mwingine. Nikamuuliza niandike nini. Alikuwa ameshafikiri.

"Andika: MBUZI YA BI MWANAIDI. IRUDI."

"Irudi tu?"

"Irudi. Wanajua wenyewe."

Nikaandika kwenye kompyuta, nikamwonyesha, akasema herufi ziwe kubwa zaidi, hasa hiyo ya mwisho. Nikamvalisha miwani ya akiba. Nilipotaka kubonyeza akanishika mkono. "Ngoja kwanza," akasema, akatoka nje, na kupitia dirisha la stoo nikamwona anaanua nguo, moja moja, bila haraka, anazikunja begani. Akarudi, akavuta kiti.

"Haya, washa."